Kanda ya Kabla ya Mvua

Chumba cha mashini kilikuwa mahali pa baridi katika Kolwezi yetu yenye joto, na mimi nilikipenda kwa sababu hiyo tu kabla sijapata sababu nyingine. Unatoka nje, vumbi jekundu limekukaa mpaka kwenye kope, unasukuma mlango mzito, na mara unasikia ubaridi ukikupanda mikononi. Ndani kulikuwa na mvumo usiokatika. Ukikaa nao saa moja huusikii tena, na ukitoka ndipo unapohisi kwamba dunia nzima imenyamaza. Mpaka leo, nikijilaza mchana baada ya chakula, nausikia ule mvumo, naona herufi za kijani zikipanda polepole kwenye skrini nyeusi, na sijui kama nakumbuka au nimeshaanza kuota.

Ilikuwa miaka ya Zaire, ile ya mwisho mwisho. Wanaume walivaa abakosti, lile koti lisilo na tai, sisi wanawake tulifunga vitenge, na ofisini tuliitana sitwayeni, yaani raia. Nilikuwa karani wa kuingiza habari katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja ya migodi. Watu wa kambi ya wafanyakazi walidhani nafanya mambo ya ajabu mle ndani. Kwa kweli nilikuwa nabonyeza vidude kutwa nzima, ila nilivibonyeza haraka kuliko wote, na kiburi nilikuwa nacho, siwezi kukana.

Mkuu wetu alikuwa Mkasai, mtu wa mkoa wa Kasai, mwenye miwani mizito, mtu wa kunyoosha karatasi hata zile zilizokwisha nyooka. Siku yangu ya kwanza aliniwekea karatasi tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na wafanyakazi, kila mmoja na matrikili yake, yaani namba yake ya kazi. Ya pili ilikuwa na wake zao. Ya tatu ilikuwa na watoto. Akasema ndani ya mashini kuna majedwali matatu hivyo hivyo, na hayajuani kwa majina, yanajuana kwa namba. Mtoto haandikiwi jina la baba wala la mama. Anaandikiwa namba zao, na mashini inakwenda kuwatafuta yenyewe.

"Ukipoteza namba," akaniambia, "mutoto anabaki hana mutu."

Na mtoto asiye na mtu ndani ya mashini, hospitali ya kampuni haikumjua. Kila wiki tulichapa orodha mpya kwa ajili ya mlinzi wa lango la hospitali. Mlinzi yule hakuwa mtu mbaya, lakini aliiamini orodha kuliko macho yake. Ungeweza kumletea mtoto anayetetemeka kwa homa, angemtazama kwa huruma, kisha angeinamisha kichwa kwenye karatasi yake na kupitisha kidole.

Nyumbani kwetu tulimjua mlinzi huyo vizuri mno. Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, niliyemfuata kwa kuzaliwa, alikuwa amefariki miaka mitano nyuma akijifungua. Alituachia msichana. Wakati huo mama alikuwa na kitinda mimba wake wa miezi minne, basi akamweka huyu titi hili na yule titi lile, na hakuna aliyeuliza swali. Baba yetu, tata, aliyekuwa dereva wa mashini za kuchimba kule Mutoshi, akaenda ofisini akamwandikisha mjukuu wake kama mtoto wake wa kuzaa. Kambi nzima ilifanya hivyo. Mtoto wa ndugu aliyekufa haachwi nje ya orodha, anaingia chini ya namba ya yule aliyebaki, na mke wa nyumba anaandikwa kuwa ndiye aliyemzaa.

Jambo moja tu hawakudanganya, nalo ni tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ilikuwa kwenye kadi ya ubatizo, imeandikwa kwa mkono wa padri au mchungaji, na hakuna mama wa kambi aliyethubutu kusema kinyume cha kadi hiyo. Kwa hiyo walisema uongo juu ya tumbo, na ukweli juu ya siku.

Msichana wetu alikuwa na ule ugonjwa wa damu unaoingia kwenye mifupa. Mvua zikianza, alikuwa analia bila sauti, ameshika magoti. Kila baada ya wiki kadhaa aliongezewa damu hospitalini, kisha anakaa siku chache akicheka na kutusumbua wote. Nilimpenda kwa namna ya woga. Nilikuwa nikimtazama anavyokula na kuhesabu matonge yake ya bukari, ugali wetu, bila kutaka.

Kuna kumbukumbu nyingine inayokuja kila nikiifikiria miaka ile, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini inakuja. Kila kiangazi mama alipanda treni kwenda Tenke kulimia kaburi la mdogo wake wa kike, na kila mara alinichukua mimi. Yaya alibaki akipika. Nakumbuka bafta nyeupe kichwani kwa mama, jembe fupi limefungwa ndani ya gunia, na miti ikipita dirishani polepole, polepole, mpaka nasinzia na kuamka na bado ni miti ile ile. Kaburini mama hakulima. Alikaa kwenye jiwe akanitazama nikilima. Nilikuwa nalalamika njia nzima ya kurudi kwamba mikono inaniuma, na yeye alikuwa ananipa karanga ninyamaze. Nilifikiri ananichukua kwa sababu najua kulima kuliko wenzangu.

Sasa, mkosi wetu wa ofisini. Ulitupata katikati ya mvua kubwa, alasiri moja, tukiwa tunaingiza watoto waliozaliwa. Umeme wetu ulitoka Nzilo, kwenye bwawa, na siku za radi ulikuwa ukija na kwenda utakavyo. Siku hiyo taa zilizima, zikawaka, zikazima, zikawaka, zikazima. Mkuu alikuwa ameitwa mkutanoni. Umeme uliporudi kabisa, mashini iliamka, ikavuma, ikaonyesha herufi zake za kijani, na mimi nikashukuru Mungu. Kabla ya kwenda nyumbani nikafanya nilichofanya kila siku, nikanakili kila kitu kwenye kanda ya sumaku, nikaiweka kabatini, nikafunga.

Hapo niliharibu. Zilipaswa kuwa kanda tano, moja kwa kila siku ya kazi. Nne zilikwisha chakaa na mpya hazikuja, maana miaka ile tulikuwa tunaomba kitu mpaka tunasahau kwamba tuliomba. Tukajipanga na moja. Kila jioni tuliandika juu ya jana. Kwa hiyo kama leo imeharibika, na ukainakili juu ya jana, jana nayo imekwenda. Niliijua kanuni hiyo. Sikufikiri tu kwamba mashini inayovuma vizuri inaweza kuwa mgonjwa.

Asubuhi yake aliingia fundi mmoja wa kulehemu, kijana ambaye bado hajaoa, anataka cheti cha kazi. Nikaandika matrikili yake. Skrini ikanionyesha kwamba ana wake wawili na watoto tisa, wa kwanza amemzidi yeye umri. Nikacheka. Nikaandika namba ya mlinzi wa ofisi yetu, mzee ambaye watoto wake wote nawajua, na mashini ikasema hana hata mmoja. Nikaacha kucheka.

Mkuu alikaa kwenye kiti changu muda mrefu. Akanieleza kwa upole kwamba faharasa imevunjika. Ni kama faharasa ya nyuma ya kitabu, akasema, inayokutuma ukurasa usio wenyewe. Akaijenga upya, na kufikia mchana watu wengi walikuwa wamerudishiwa wake zao. Lakini palikuwa na mistari iliyoliwa kweli. Namba zake zilikuwa zimeandikwa juu ya namba nyingine, na hizo hakuna faharasa inayoweza kuzitafuta.

"Leta bande ya jana," akasema.

Nikamwambia kwamba kanda ya jana haipo tena. Nilisema yote kwa mara moja, haraka, kama ninavyobonyeza vidude. Alivua miwani yake akaifuta kwa pindo la abakosti, akaivaa, akaivua tena. Hakunikemea, na mimi ningependa anikemee.

Kisha akafungua droo yake ya chini akatoa kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kanda kuukuu, imezungushiwa kitambaa. Alikuwa ameinakili mwezi wa kumi, kabla ya mvua, akaificha asije mtu akaandika juu yake. Kingo zake zilikuwa zimeanza kukatika.

"Hii inaweza kusomeka mara moja," akasema. "Mara ya pili, mi sijue. Kwanza tutengeneze na makaratasi. Hii tuichunge."

Basi tukaanza. Kila mtoto na kila ndoa ilikuwa na fishi yake, kadi ya karatasi ngumu, kwenye masanduku, na panya walikuwa wamefika kabla yetu. Siku zile zimeyeyuka kichwani mwangu zikawa siku moja ndefu. Mvua juu ya bati, mvumo wa mashini, fishi za rangi ya maziwa ya kuungua, majina ya watoto yanapita chini ya vidole vyangu mpaka nayasikia yakiitwa. Kila jina nilipokuwa nikilirudisha nilimwona mtoto akiingia mlangoni, anapangusa miguu, anakaa chini karibu na baba yake. Nilijua ni upuuzi, ila ulinisaidia.

Mkuu akasema fishi peke yake hazitatosha, tunahitaji kanuni za kumnasa yule aliyekaa mahali pasipo pake. Akaandika ya kwanza kwenye daftari lake, kwamba mtoto hawezi kumzidi mama yake umri. Akaandika ya pili, kwamba mama lazima awe mke wa baba aliyeandikwa. Akaniuliza kama nina nyingine. Nami, kwa hamu ya kufuta kosa langu, nikatoa ya tatu. Watoto wawili wa mama mmoja, kama si mapacha, hawawezi kupishana chini ya miezi saba.

"Weye ulisoma kweli," akasema, na nikatembea siku nzima kichwa juu.

Tukaiambia mashini ichape walionaswa. Kanuni ya kwanza ilitoa nusu ukurasa. Ya pili ilitoa ukurasa mmoja. Yangu ilitoa kurasa kumi na moja. Karatasi ilikuwa ile ndefu isiyokatwa, ikawa inamiminika na kujikunja chini mpaka ikanifika miguuni. Mkuu alikwisha kuitwa kwa wakubwa, akaniachia agizo mezani. Walionaswa wote watolewe kwenye orodha ya hospitali kuanzia Jumatatu, mpaka baba alete cheti cha uzazi chenye jina la mama aliyezaa.

Niliokota karatasi nikaanza kusoma, na kwenye ukurasa wa nne nikakutana na matrikili ya tata. Chini yake kitinda mimba wetu, na chini yake msichana wa yaya. Miezi minne.

Jumatatu hiyo hiyo ndiyo siku aliyokuwa aongezewe damu.

Cheti chenye jina la mama aliyezaa tulikuwa nacho, ndani ya sanduku la mama. Lilikuwa jina la marehemu. Nilikaa sakafuni katikati ya karatasi ile, na nasema wazi kwamba sikuwafikiria watoto wengine wa kurasa zile. Nilimfikiria mmoja. Nikachana ukurasa wa nne pembeni kwenye vitobo vyake, nikaukunja, nikauweka ndani ya kitenge changu kiunoni. Nilirudi nyumbani nao ukinikwaruza.

Kesho yake mkuu alipitia kurasa moja moja, akizinyoosha. Nilikuwa nimesahau kwamba mashini inaandika namba ya ukurasa juu.

"Sitwayeni, paji ya ine iko wapi?"

Nikaitoa kiunoni nikamwekea mezani. Ilikuwa na joto la mwili wangu. Nikangoja aniambie nichukue vitu vyangu niende.

"Wako ni gani?" akauliza.

Nikamwonyesha. "Ni mutoto wa yaya. Ule alikufa. Jumatatu banamuongezea damu."

Alisoma mistari ile miwili kwa muda. Kisha akafunua mpaka ukurasa wa tisa akaweka kidole. Matrikili ilikuwa yake mwenyewe. Mimi niliijua kwa moyo, ofisi yote iliijua.

"Huyu ni wa ndugu yangu," akasema. "Balimutoa mu shimo tayari amekufa. Mi niliandika kwa mukono yangu." Akakaa. "Nasemaka kila siku mashini haidanganyi. Ni kweli. Ni siye tunadanganya."

Mvumo wa mashini ulijaza chumba. Nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa mtu aliyechoka. Na hapo likanijia swali, sijui lilitoka wapi, labda kwenye zile siku za kuota na fishi.

"Mukubwa, na kama bote balikuwa hivi tayari, kabla ya radi?"

Akainua kichwa. Alikwenda kwenye droo, akatoa kopo la biskuti.

Alisafisha kichwa cha kusomea kwa pamba, mara mbili. Akaipandisha kanda kwa vidole vyake virefu, na ilipoanza kuzunguka wote wawili tulisimama. Vumbi jembamba la kahawia lilikuwa likidondoka chini yake. Niliomba. Niliomba kwa Kiswahili, na nilisikia yeye akiomba kwa Kiluba. Ilisoma mpaka mwisho. Tulipojaribu kuirudisha nyuma ilikatika vipande vitatu, na hakuna aliyesikitika, maana yote yaliyokuwa ndani yake yalikwisha ingia kwenye diski. Mistari iliyoliwa ilikuwa pale, mizima.

Tukapitisha kanuni yangu juu ya habari zile za kabla ya mvua. Zikatoka kurasa kumi na mbili. Mkuu akachukua rula, akaweka orodha mbili ubavu kwa ubavu, akateremka mstari kwa mstari hadi saa ya chakula ikapita. Kila mtoto aliyekuwa kwenye zile kumi na moja alikuwa pia kwenye ya zamani. Baba yule yule, mama yule yule, miezi ile ile.

"Siye balituita kutengeneza bintu byenye biliharibika," akasema. "Hibi habikuharibika."

Akaandika juu ya ukurasa wa kwanza kwa kalamu nyekundu kwamba radi haikuwagusa hawa, wasiguswe, akatia sahihi. Kisha akafungua daftari lake akakata kanuni ya tatu kwa mstari mmoja ulionyooka. Nililia mbele yake bila haya. Alinyoosha karatasi.

Ulibaki ukurasa wa kumi na mbili, ule usiokuwa na mwenzake. Ulikuwa na waliokua na waliokufa. Mwaka mpya, kwa kukosa nafasi kwenye diski, tulikuwa tumewafuta hao, mimi mwenyewe niliwafuta, bila kutazama. Kanda ya kabla ya mvua ilikuwa bado inawakumbuka. Mkuu aliusoma, akaukunja mara mbili, akanipa.

"Hii ni ya nyumba yenu," akasema, kwa sauti ndogo. "Enda nayo."

Niliufungua nikiwa njiani, chini ya upenu wa duka la mikate, mvua ikinyesha. Matrikili ya tata. Chini yake mabinti wawili. Yaya wangu, na mimi. Miezi mitano.

Nilisoma tena na tena. Niliamini mashini imeugua upya. Lakini yangu ilikuwa tarehe yangu kweli, ile ya kitambulisho, na ya yaya sikuwahi kuijua. Kwetu hatukusherehekea siku za kuzaliwa, na msalabani pake tuliandika mwaka tu. Nilikuwa nimetunga kanuni ya kuhesabu miezi ya kambi nzima, na nyumbani kwetu sikuwahi kuhesabu.

Jumatatu tulimpeleka msichana, mimi na mama, yeye mgongoni kwangu, anapumua moto shingoni. Mlinzi akapitisha kidole kwenye orodha. Kidole kilishuka, kikashuka, kikasimama. Akasoma jina la tata, na msichana akajibu kutoka mgongoni, "Njo tata yangu." Tukapita.

Tulikaa kwenye benchi kando ya kitanda, tukitazama damu ikidondoka ndani ya mrija. Usingizi ulimchukua mtoto. Nikautoa ule ukurasa. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo ilinibidi niseme.

"Mama, mi na yaya tunapishana miezi tano."

"Ni mashini njo inasema?"

"Ni mashini."

Alimvuta mtoto blanketi, akalinyoosha pembeni, akalinyoosha tena. Hakunitazama, na uso wake ulikuwa ule ule wa kwenye jiwe la kaburini.

"Maziwa ilikuwa ya kutosha," akasema. "Hata kwa huyu ilitosha." Kisha akanigeukia, karibu na hasira. "Na Tenke? Miaka yote ile, ulikuwa unafikiri unalimiaka nani?"

Kiangazi kilipofika tulipanda treni watatu. Mama alibaki njiani na msichana, wakila karanga, akaniacha niingie makaburini peke yangu na jembe. Safari hiyo sikulalamika mikono.